Msichana wa Baba Pacha

"Hili atalikosa," alisema Baba Pacha nyuma ya pazia la sebuleni. "Namjua mimi. Atalisoma mara mbili, atatikisa mguu chini ya meza, halafu atachagua jibu la pili kwa woga tu."

Wageni wake wawili wakacheka, tena kile kicheko cha watu wanaomfahamu anayesemwa. Mkewe, aliyekuwa kwenye ujia na sinia la chai, akasimama palepale. Ni nani huyo anayejulikana mpaka mguu wake chini ya meza?

Wageni wenyewe walikuwa wanakamati. Zamani mtu yeyote mwenye mkoba na mdomo mwepesi aliweza kujiita wakala wa forodha na kuwatolea watu mizigo. Sasa ilikuwa imeamriwa kila wakala afanye mtihani wa leseni, na mtihani huo ulikuwa haujatungwa. Kazi wakapewa watu watatu: ofisa mstaafu wa forodha akiwa mwenyekiti, mwalimu mmoja mwanamama wa chuo cha biashara, na Baba Pacha, wakala wa siku nyingi. Ofisi ya chama chao ilikuwa inapakwa rangi, basi kila Jumamosi wakawa wanajifungia sebuleni kwake. Walikula kiapo kwamba neno lisitoke nje ya chumba. Mama Pacha akiingia na vikombe, karatasi zote zinageuzwa kifudifudi.

Siri hazikumsumbua. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa karani katika kampuni ileile ya mumewe, wakakutana hukohuko, akaacha kazi walipozaliwa pacha. Kilichomsumbua ni yule msichana.

Kila Jumamosi msichana yumo. Swali la ushuru wa magari, je, atalipata? La kuthamini mzigo wa mitumba? Baba Pacha ndiye mjibuji, na sauti yake sasa! Sauti hiyo Mama Pacha alikuwa hajaisikia tangu fungate. Eti ni mgeni kazini lakini si mzembe. Eti hesabu zinamchanganya, ila rushwa hapokei ng'o. Eti akikosea hujifungia chooni akalia, kisha akanawa uso na kuanza upya. Mambo ya chooni ameyajuaje, jamani?

Mama Pacha alikaa jikoni, mguu ukimtikisika kwa hasira. Hata chai yake mwenyewe ikamshinda kunywa. Kibaya zaidi, yule mwalimu wa chuo kila akipokea kikombe alimwangalia usoni kwa muda, akatabasamu, akasema asante kwa upole uliozidi. Huo ni upole wa kumpa mwanamke anayeibiwa mume bila kujua.

Siku moja mezani akamuuliza mumewe, kama mtu asiye na hili wala lile, huyo msichana wanayemtajataja ni wa nani. Tonge likampalia Baba Pacha. Alipopata pumzi akasema hayo ni ya kamati na amekula kiapo. Kisha akatabasamu peke yake, akiitazama sahani. Tabasamu lile ndilo lililommaliza mwenzake.

Akaanza upelelezi. Akanusa mashati, yakanuka jasho la Baba Pacha tu. Akampelekea mumewe chakula ofisini bila kuombwa, akaangusha kijiko makusudi mbele ya karani mpya ili achungulie chini ya meza. Miguu ya karani ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Basi siye.

Akaenda kwa dada yake. Dada mtu akasikiliza yote, akasema lisemwalo lipo, na mwanaume akianza kumhurumia msichana, huruma hiyo ina mlango wa uani. Akamwambia chumba cha wageni kipo, aje wakati wowote. Mama Pacha akarudi nyumbani akafunga sanduku.

Jumamosi ya mwisho kamati ilikuwa inaamua alama ya kufaulu. Mwenyekiti alitaka iwe juu, wababaishaji wakome. Mwalimu wa chuo akaelekea kumuunga mkono. Hapo Baba Pacha, mtu asiyefokea hata kuku, akapaza sauti.

"Mkiiweka hapo mnamwangusha. Yule binti anastahili leseni. Akitoka yeye, na mimi natoka."

Kule kwenye ujia Mama Pacha aliisikia kila silabi. Katika ndoa yao yote mumewe alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba ataacha kitu kwa ajili yake. Akaweka sinia sakafuni, akaingia bila hodi. Karatasi zikageuzwa.

Kwanza akamgeukia yule mwalimu, akamwambia kwamba mwanamke mwenzake hanywi chai ya mtu huku akimficha mwizi wake. Kisha akamtazama mumewe.

"Sanduku langu liko mlangoni. Chagua leo hii, mimi au huyo binti."

Baba Pacha akamwangalia mwenyekiti kama anayeomba ruhusa. Kiapo, hata hapo. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Keti, shemeji," alisema. "Hatuwezi kupanga alama ya kufaulu bila kuwa na mtu kichwani. Mgeni wa kazi, si hodari, si mzembe, anayestahili leseni kwa unywele tu. Kila swali tunajiuliza, yeye angelipata? Huyo mtu hafanyi mtihani, shemeji. Tunamkumbuka tu. Tulikubaliana awe mtu wa kweli, na mumeo ndiye aliyetuletea."

"Nani?"

Mwenyekiti akamwashiria Baba Pacha kwa kichwa, kumruhusu.

"Wewe," alisema Baba Pacha. "Mwaka ule ulipoanza kazi."