Kopo la Vifungo vya Makoti

Kila asubuhi Fundi alitia kidonge mdomoni mbele ya mkewe, akapiga funda la maji, akapanua mdomo kama mtoto anayekaguliwa meno. Kisha akaingia chumba cha cherehani, akainua mfuniko wa kopo la vifungo, akakitema humo kikazama kati ya vifungo, huku macho kayapeleka dirishani. Mtu anayeshinda na pini mdomoni huku akipiga soga na wateja hashindwi na kidonge kimoja.

Kopo lenyewe lilikuwa la vifungo vya makoti ya kizamani, vikubwa kama visosi. Nani siku hizi anavaa koti la namna hiyo? Mkewe, ambaye kushona vifungo ndiyo ilikuwa kazi yake, alichota kwenye makopo mengine. Hili Fundi hakuwahi kumwona akiligusa.

Tabu ilianza Fundi alipopona. Kabla ya hapo alikuwa akikaa mbele ya kitambaa, mkasi mkononi, hadi jioni, asikate hata uzi. Daktari akampa vidonge vyeupe na maonyo yake: mwanzoni tumbo litamvuruga na mdomo utakauka, nafuu haiji kwa siku moja, na ikishakuja asije akaacha dawa ghafla, arudi wapunguze kidogo kidogo. Mkewe aliitikia kwa kichwa kuliko hata mgonjwa. Halafu akabaki ndani na daktari, peke yake, na Fundi nje kwenye benchi akajua anasemwa.

Mkewe alitoka na bahasha ya vidonge vya njano.

"Vitamini," alisema. "Kukuuguza wewe ni kazi ya punda."

Dawa ilipokubali, Fundi alikata, akashona, akataniana na wateja. Ndipo akajiona kidume. Mtu mzima anayecheka hivi, vidonge vya nini tena? Akaacha kimyakimya.

Sasa kichwa kilikuwa kikimpiga shoti, kama kagusa waya. Sakafu iliyumba. Alimkaripia bibi harusi wa watu kwa kosa la kuomba gauni libanwe kiunoni.

Lakini kilichomla moyo hakikuwa shoti. Kilikuwa ni mkewe. Naye siku hizi alikuwa hoi: akiinuka anashika ukuta, sindano inamchoma yeye badala ya kitambaa, uzi ukikatika analia. Akiulizwa, ni uchovu tu. Fundi akajua uchovu huo ameuleta nani. Na maskini huyu bado alikuwa akiwatangazia majirani kwamba dawa imemrudishia mume.

Asubuhi moja mkewe alishona vifungo vyote vya shati la mteja mgongoni. Fundi akaangua kicheko. Mwenzake hakucheka; alijifunika uso kwa lile shati, mabega yakawa yanatikisika.

"Unisamehe, Fundi. Sijui nina nini."

Fundi akaacha kucheka. Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo.

"Bosi," alisema, kwa jina alilomwita tangu uchumba, "usiniombe msamaha. Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya."

Mkewe alishusha shati, akaliona kopo, akainuka kwa haraka hadi kiti kikaanguka.

"Liache hilo."

Fundi akadhani anataka kumsitiri. Kwa sauti ndogo akamwambia amesitiriwa vya kutosha, kisha akamimina kila kilichokuwamo mezani.

Vifungo vya makoti vilibiringika hadi ukingoni. Katikati yake kulikuwa na vidonge vyeupe, vimelika kidogo kwa mate.

Na vya njano. Vingi, vikavu, vizima.

Hakuna aliyeinama kuokota kitu. Wakatazamana juu ya meza.

"Nilidhani," mkewe akasema, "hilo kopo hulifungui kamwe."