Dawa ya Kapteni

Ndege ndogo ilipotua Kakuma, Etabo aliikimbilia kabla vumbi halijatulia.

"Ejok, daktari," aliamkia kwa Kiturkana. "Umeleta dawa?"

Daktari Mutua alicheka. Tangu mwaka huo wa 1974 uanze alikuwa akikusanya vinyesi vya sokwe, wa msituni Uganda na wa vizimbani, apate kujua kuvu zinazoishi matumboni mwao. Huku kaskazini alikuwepo mmoja tu, Kapteni, aliyetwaliwa kutoka kwa mfanyabiashara wa magendo kule Lokiriama. Etabo ndiye mtunzaji wake. Kazi yake ilikuwa kumlisha, kumfagilia, na kutia kinyesi chake kwenye kichupa kipelekwe Nairobi, maana Kakuma nzima hakukuwa na hadubini hata moja.

"Nimeleta," alisema daktari. "Kichupa cha safari hii kilinitia hofu. Sijaona tumbo lililojaa kuvu namna ile. Tungechelewa kidogo, tungezika."

Etabo aliukazia macho mkoba wa daktari. Kila jioni mkewe, Nawoi, alimuuliza kama ndege imekuja, naye kila jioni alimwambia bado. Leo angekuwa na jibu jingine.

Kizimbani, Kapteni alipenyeza mkono, akampokonya daktari kofia, akaivaa.

"Kwa mgonjwa, huyu ana nguvu za ajabu," alisema daktari.

"Jana alikuwa mbaya sana," Etabo alidakia. "Daktari, wewe umechoka. Wacha dawa kwangu. Mimi tapea yeye jioni, pole pole."

"Hapana, mzee. Ni ya kunywa mara moja, na sina chupa nyingine. Akitema je? Lazima nione inashuka kooni."

"Mimi najua yeye. Kwangu hawezi tema." Etabo alimshika daktari mkono. "Daktari, naomba wewe. Naomba sana."

Daktari alimtazama kwa huruma, akampigapiga begani. Kisha akaimimina dawa yote kwenye kikombe cha maziwa yenye sukari. Kapteni alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akalamba mpaka kikombe kikawa kikavu.

Etabo aliketi mchangani akalia. Uchungu ulimzidi, wala hakujaribu kuuficha.

"Usilie, mzee," alisema daktari, naye machozi yakimlengalenga. "Wangekuwa na watu kama wewe, wanyama wetu wangekuwa salama. Atapona huyu."

Ndege iliondoka jua likiwa bado kali. Etabo alikokota miguu hadi nyumbani, akitamani njia isifike mwisho. Nawoi alikuwa ameiona ndege ikipita juu. Alimlaki mlangoni huku anacheka, kicheko ambacho Etabo alikuwa amekwisha kukisahau, akanyoosha mkono.

"Lete basi! Iko wapi?"

Nyuma yake, juu ya ngozi ya mbuzi, binti yao Nabei alikuwa amejikunja, amelishika tumbo kwa mikono yote miwili. Kinyesi kilichosafiri hadi Nairobi kilikuwa chake.