Siku Perusi Alipokosa Tafsiri

Kwa miaka kumi na mmoja, Perusi ndiye aliyefasiri kila mtu aliponena kanisani kwa lugha ya Roho isiyoeleweka na wengine. Jumapili hiyo mjane Damari alinena hadi akamaliza. Watu wote wakamgeukia Perusi, naye hakusikia kitu moyoni.

"Sema neno lolote, mama," mchungaji alimnong'oneza. "Watu wanasubiri."

Maneno ya kufariji aliyajua mengi. Hakuyatumia.

"Leo sikupewa tafsiri," alisema mbele ya wote. Akashuka madhabahuni, akaketi karibu na Damari na kumshika mkono. "Dada, una nini?"

"Mwanangu hajarudi nyumbani tangu Jumanne," Damari akajibu.

Mchungaji akakiweka chini kipaza sauti. Kwenye benchi la nyuma mwanamume mmoja akasimama, akauliza mtoto alivaa nguo gani.