Sifa za Mama Mkasi

Suruali ishirini na sita za sare za shule zilikuwa zimelala mezani, zote mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Bimkubwa, mwenye karakana, alizipima moja moja kwa futi yake huku akisonya. Kijana aliyezikata alikuwa mkataji wa pili kumharibia kitambaa tangu Mama Mkasi aende likizo ya ugonjwa, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ijayo.

"Sasa hizi atavaa nani, bata?" alimfokea mkataji. Mkataji akainamisha kichwa na kutoka nje.

Mama Mkasi alikuwa amekata vitambaa pale kwa miaka kumi na saba. Mkono wake haukukosea hata unene wa uzi. Alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, na Bimkubwa hakuwahi kumwambia hata asante. Mfanyakazi ukimsifu ataota mapembe, ndivyo alivyoamini. Hata kwenda kumjulia hali hakwenda, asije akaonekana anambembeleza. Ni mgongo tu, alijisemea, utapoa na atarudi mwenyewe.

Lakini miezi miwili ilikuwa imepita, na kusema kweli alikuwa akimkumbuka Mama Mkasi mwenyewe, si mkasi wake tu. Siku atakayorudi, Bimkubwa aliapa, atamwambia yote.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo, mama." Sauti ya kiume, ya taratibu.

"Marahaba."

"Samahani kwa usumbufu. Kuna fundi wako, mnamwita Mama Mkasi. Nilikuwa naomba kusikia kwako, ni mfanyakazi wa namna gani?"

Bimkubwa aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ile mashine ilikuwa ikilia ti, ti, ti, bila kupumzika. Vyerehani vya umeme, vya kisasa! Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa limebandika tangazo la kutafuta mkataji. Kumbe mgongo ulikuwa kisingizio.

Ukweli ulimjaa kinywani. Kwamba mji mzima hakuna mkono kama ule. Kwamba karakana hii ilikuwa imesimama kwa ajili yake. Ila akiyasema hayo, ndiyo basi tena, wamemchukua. Akimchafua watamkataa, naye atarudi pale pale mezani pake.

"Nikwambie ukweli, baba?"

"Niambie tu, mama. Ongeza sauti kidogo, tafadhali."

Bimkubwa akajikaza. "Mvivu. Anakata kama amefumba macho. Hasara aliyonitia haisemeki. Na vitambaa vyangu vinapotea, simtaji mtu." Machozi yalikuwa yakimlenga, lakini alishafika mbali, hakuna kurudi nyuma. "Miaka yote hiyo nimemweka kwa kumwonea huruma tu. Ingekuwa mimi, nisingemchukua."

Upande wa pili ilisikika mashine peke yake, ti, ti, ti.

Bimkubwa alishusha pumzi. Dhambi ameifanya, sawa, lakini mtu wake amemwokoa asiibwe. Kesho asubuhi atamfuata nyumbani kwake, na ikibidi kumpigia magoti atampigia.

"Mama," sauti ilirudi. "Mimi ni mwanawe. Tuko hospitali, daktari ametuambia tumuage, na tangu asubuhi anauliza kitu kimoja tu, kama kazi yake iliwahi kukupendeza. Ndiyo maana simu nimeiweka spika, iko hapa sikioni pake."