Mchango wa Ushindi

Kijana aliyechuchumaa jikoni akikomba sufuria ya jana alipaswa kuwa vitani, ng'ambo ya bahari. Fundi Bomba alisimama mlangoni, buti zake za kazini zikichuruzika maji, akamtazama mwanawe wa pekee kama anayemtazama mwizi.

"Shikamoo, baba," kijana alisema na kuinuka.

Mzee hakuitikia. Kwake yeye, shikamoo ya mtoro haina marahaba.

"Umepewa likizo?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe. Kaa kwanza, baba, nikueleze."

"Usinieleze. Nikiulizwa nataka niape kwamba sijui kitu. Neno lako likishaingia masikioni mwangu, tumekuwa watoro wawili."

Ndivyo alivyokuwa Fundi Bomba, mnyoofu mpaka kero. Ujana wake wote uliishia kwenye mitambo ya kusukuma maji ya mji. Kabla ya vita mitambo ilikuwa minne. Mmoja uliuzwa, miwili ikafa kwa kukosa vipuri, na huo uliobaki aliufungafunga kwa vipande vya tairi usivuje, maana fedha za vipuri zilikwenda kwenye Mchango wa Ushindi. Wenye ndoo walipolalamika kwamba bomba halitoi kitu wiki nzima, aliwaambia mvumilivu hula mbivu.

"Mbivu gani hiyo, Fundi, inayoozea mtini?" muuza mkaa alimtania siku moja. Mzee alimnunia mwezi mzima.

Mshahara wake ulikatwa nusu kama wa kila mtu, naye akaenda mwenyewe kuomba akatwe zaidi. Kijana wangu yuko kule, alisema kwa majivuno. Kinachokatwa kwangu ni kiatu chake, ni risasi yake.

Kiatu chenyewe sasa kilikuwa jikoni, kimelika kisigino, kimejaa tope jekundu. Viganja vya kijana vilikuwa vimeota sugu kama vya mchimba mitaro. Mzee aliviona, akageuza uso. Hakutaka kumwonea huruma.

Mkewe aliingia kutoka chumbani. Alikuwa ameshinda na kijana tangu asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Msikilize mtoto, baba watoto."

"Wewe umemsikiliza?"

"Mimi mama yake. Ningeziba masikio na nini?"

Mzee alitupa jicho kibarazani. Cherehani ya mkewe, ambayo wakusanyaji wa mchango walikuwa waje kuichukua jioni hiyo, haikuwapo. Ilikuwa imerudishwa ndani, mahali pake pa zamani chini ya dirisha.

"Hii imerudi kufanya nini?"

"Nitashonea," mkewe alijibu. "Sitoi tena hata sindano."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mzee alijisemea, akamsamehe. Lakini hatari aliijua. Watoro waliokamatwa walipigwa risasi, hilo lilijulikana. Redio nayo ilitangaza kila siku kwamba mzazi atakayemsalimisha mtoro kwa hiari, mwanawe atarudishwa kikosini bila kuguswa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hata kama angeweza kumficha, angekaaje tena kwenye kiti cha kinyozi wa mtaani, ambaye mwanawe alirudi ndani ya sanduku mwaka wa kwanza wa vita, na bado akawa anatoa mchango bila kunung'unika?

Akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Kazini. Mtambo umepata moto."

Hakuwahi kumdanganya mwanamke yule kabla ya siku hiyo.

Mkuu wa kituo cha polisi alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti. Mzee alieleza yote kwa sauti ya chini, akitazama kofia yake mapajani. Alitarajia kuulizwa kikosi cha kijana, njia aliyopitia, mtu aliyemsaidia. Mkuu aliinuka kwanza akafunga mlango.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu, mkuu. Nilimkataza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya mtoro."

Mkuu alishusha pumzi. Akampiga mzee bega kwa upole, akamwambia nchi ingekuwa na wazee kumi wa namna yake, ingekuwa mbali. Mzee alihisi machozi yakimlenga. Tangu vita vianze hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia ahsante.

"Nipe neno lako kwamba hataguswa," alisema.

"Neno langu hilo, mzee wangu. Atarudi kule kule alikotoka."

Walikwenda kwa gari, mzee kiti cha mbele. Kijana alikuwa kibarazani. Aliliona gari, akamwona na aliyekaa mbele, wala hakukimbia. Askari wawili walimshika mikono. Mama yake alisimama mlangoni akishikilia fremu.

"Ni kwa ajili yako, mwanangu," mzee alisema. "Utarudi kwa wenzako. Vita vikiisha utakuja nyumbani kichwa juu."

Kijana alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma mzee zaidi.

"Vita vilikwisha mwaka juzi, baba," alisema. "Tangu hapo tunachimba dhahabu ya wakubwa, na ninyi huku mnaendelea kukatwa."

Mzee alimgeukia mkuu, akingoja acheke.

Mkuu hakucheka. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, askari wakamwingiza kijana, naye akamwonyesha mzee nafasi kando ya mwanawe, kisha akaielekea nyumba.

"Mama," aliita kwa upole, "na wewe umesikia?"