Zizi la Mzee Makongoro

Ng'ombe walikataa kutoka. Wanamgambo wanne walipiga miluzi, wakachapa fimbo, wakatukana mpaka koo zikawakauka, na wanyama wakazidi kujibana upande wa pili wa zizi. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akamgeukia Magige.

"Katibu, waite wewe. Si wanakujua?"

Magige akasogea mlangoni mwa zizi. "Uhuru," akaita kwa sauti ndogo. Ng'ombe mzee mweupe akainua kichwa, akaja. "Mvua. Bahati. Saa Sita." Wakatoka mmoja mmoja wakiifuata sauti yake, wote ishirini na sita, wakampita Mzee Makongoro aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono magotini. Magige hakuthubutu kumtazama.

Majina aliyajua kwa sababu mengi aliyatoa yeye. Baba yake, Enoka, alipofariki mwaka hamsini na nane, baba zake wadogo walikuja wakagawana kila kitu, hata blanketi la marehemu, wakamsahau mtoto. Aliyemchukua ni Makongoro, rafiki wa Enoka. Alimpa fimbo ya kuchungia, na kila ndama alipozaliwa alimwambia, "Mpe jina." Yule mweupe alizaliwa wiki ile bendera ilipopandishwa, akaitwa Uhuru. Hata Magige alipokwenda shule ya bweni Musoma, ndama walikaa bila majina mpaka likizo. Wanne tu ndio mzee aliowapa majina mwenyewe, wala hakujisumbua kufikiri sana: aliwapa ya shangazi zake.

Haya yote Magige hakuyakumbuka Jumapili iliyotangulia, kwenye mkutano wa kijiji. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, naye alikuwa ametoka semina ya wiki mbili huko Buhare na kichwa kilichojaa. Swali moja la mkufunzi lilikuwa limemkaa rohoni: anayefanya kazi ni nani, na anayekula ni nani? Akasimama mbele ya kijiji kizima.

"Ndugu zangu, ubepari hauko Ulaya tu. Upo hapa hapa Nyamuswa. Mtu mmoja ana ng'ombe ishirini na sita, na tuna wajane hawajaonja maziwa tangu mwaka juzi. Mimi nilikuwaga nachunga ng'ombe hao. Miaka sita, jua langu, mvua yangu, na sikulipwa hata senti moja. Kama huo si unyonyaji, ni nini?"

Watu wakapiga makofi. Wajane walipiga kuliko wote, na hilo Magige hakulijutia hata baadaye. Maziwa walistahili.

Makongoro akaomba kusema. "Mimi sibishani na serikali. Nauliza tu. Ng'ombe wa mtu akiugua, mwenyewe halali. Ng'ombe wa watu wote akiugua, anakesha nani?"

"Hayo ndiyo mawazo ya kibepari, baba," Magige akasema. Hilo "baba" lilimponyoka kwa mazoea, na watu wakacheka.

Mwenyekiti akashika kalamu. "Mzee, ng'ombe wote hawa ni wako?"

Makongoro alimtazama Magige, akamtazama mpaka kijana akainamisha kichwa.

"Andika ni wangu," akasema. "Mnyonyaji ni mimi."

Basi ndivyo walivyochukuliwa. Wachache waliingizwa zizi la kijiji, wengine wakapakiwa kwenye lori kwenda mnadani Bunda, ili kijiji kipate mashine ya kusaga. Kesho yake mjane mmoja, katika wale waliopiga makofi, alikutana na Magige kisimani. "Fadhila ya punda ni mateke," akamwambia, wala hakushusha sauti.

Dhambi aliiona wazi, wala hakuna somo la semina lililoweza kuifuta. Tena alikuwa na jambo, na hakuwa na mzee mwingine wa kulipeleka. Jumapili iliyofuata akaenda.

Marieta, mke wa Makongoro, alimwekea bakuli la uji. "Hauna maziwa," akasema, akarudi jikoni.

"Baba, nimekukosea," Magige akaanza. "Niliyosema niliyaamini. Lakini nimeyasema juu yako wewe uliyenilea. Nisamehe."

Mzee akageuza uso kando.

"Na sina uso wa kuomba kitu, ila nataka kuoa. Ni Wankyo, binti wa Thadeo. Wanataka ng'ombe kumi na wawili, na mimi sina hata mkia. Ng'ombe siombi. Naomba unisindikize tu, usimame kama baba, uwaombe wanivumilie."

Makongoro akageuka taratibu. "Unataka kuoa? Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya pamba."

"Mavuno yamepita miezi mitatu! Mbona hukuja?"

"Niliona haya. Nilisema moyoni, nikimwambia mzee habari za mahari, ataona nimetamani ng'ombe wake."

Makongoro akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

"Enoka aliniachia mitamba watatu," akasema. "Aliniapisha nisimwambie mtu, ndugu zake wasije wakawala. Akasema, siku mwanangu akija kukwambia anataka kuoa, mfungulie zizi."

Akatazama mlango wa zizi, uliokuwa bado wazi.

"Wangu mimi walikuwa wale wanne tu. Wale wa shangazi zangu."