Kivuko Kinamsubiri Mkubwa

Kamba zilikuwa bado zimefungwa gatini. Injini ilinguruma tangu asubuhi, na kivuko kilisimama palepale kikichoma mafuta ya umma. Abiria walishaacha kuuliza kulikoni. Walikuwa wanamsubiri Mkurugenzi wa Usafiri, na Mkurugenzi hana desturi ya kusubiri, husubiriwa.

Ndivyo ilivyo nchi hii ya visiwa. Daraja waliloahidiwa wananchi ni nguzo mbili ndani ya maji na jiwe la msingi linalochafuliwa na kunguru. Barabara ya lami inatoka gatini kwa mbwembwe, inakata kona moja, kisha inaishia vichakani kana kwamba imeona aibu. Ndege ya kwenda nje huruka mara moja kwa wiki kutoka kisiwa kikubwa, na anayeikosa atajua mwenyewe. Kufika huko njia ni moja tu, kivuko hiki. Na siku Mkurugenzi akiwa na safari, kivuko hakichomoki mpaka aingie. Amri hiyo aliitoa mwenyewe, siku moja alipochelewa akaachwa, akanuna wiki nzima.

Sitaha ya chini, katikati ya magunia na matenga ya kuku, alikaa mwanamume mwenye kofia iliyomshuka mpaka kwenye nyusi. Begi lake dogo alilikumbatia. Ndala zake mpya zilikuwa zinamkata vidole. Alikuwa na tiketi ya ndege ya leo, na kila aliyemsogelea alishaambiwa kwamba kaka yake anapasuliwa moyo ughaibuni, na kwamba akiikosa ndege hii hatamkuta hai. Alitazama saa, akatazama gati, akatazama saa tena.

"Hii harufu ni ya nini?" aliuliza, amebana pua.

"Ya choo, kaka," alijibu fundi cherehani, mama mnene aliyekaa karibu naye na cherehani yake miguuni. "Maji hayatoki tangu kivuko kinunuliwe. Kwani wewe hujawahi kupanda?"

"Mara chache."

"Basi una bahati. Sisi tunapakiwa huku kama viazi, yeye ana chumba chake juu chenye kiyoyozi. Hata sura yake hatuijui, tunaona vioo vyeusi vya gari tu. Kesho tume inamhoji kuhusu vile vivuko vipya vilivyolipiwa ambavyo hakuna aliyeviona. Yaani hata akienda kuulizwa wizi wake, sisi ndio tumsubiri! Mtu hana haya hata ya kuazima."

Watu wakacheka. Mwanamume naye akacheka, amechelewa kidogo.

"Na nahodha je? Si aondoke tu?"

Fundi alisonya, msonyo mrefu uliowafikia mabaharia. "Yule? Yule bwege. Mwaka jana mkewe alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, tukampandisha humu apelekwe hospitali kubwa. Tukaambiwa Mkurugenzi bado anakula, tumsubiri. Mimi ndiye niliyemshika mkono yule dada, hapohapo ulipokaa. Mama alipona. Mtoto tulimzika. Na mume mtu alikuwa juu kwenye usukani, asithubutu kufungua kamba! Leo tena anamsubiri yuleyule. Sasa huyo ni mwanamume au pazia?"

Hakuna aliyemtetea nahodha. Angetetewa kwa lipi? Alikuwa kule juu dirishani kwake, mikono nyuma, macho gatini, mtiifu mpaka anatia kichefuchefu.

Mwanamume alivuta kofia chini zaidi, akapanda ngazi.

"Nahodha, tuondoke, tafadhali. Huyo mtu haji."

"Umejuaje?"

"Mtu wa namna ile? Si ana boti yake ya kasi?"

"Tume imeizuia. Lazima apite hapa."

"Ndugu yangu, nina mgonjwa. Ndege itaniacha."

Nahodha alimtazama kuanzia kofia mpaka ndala. "Pole sana. Hata mimi niliwahi kuwa na mgonjwa. Lakini amri ni amri."

Mwanamume alishuka jasho likimtoka. "Nilikwambia," fundi alisema. "Pazia."

Hapo ndipo mwanamume alipopandwa na wazimu. Alisimama juu ya gunia akaanza kumporomoshea Mkurugenzi matusi: mwizi, mlafi, anayejenga nyumba kwa jasho la wenye njaa na kuificha kwa jina la shemeji. Alitukana kwa ufundi, mpaka wazoefu wa kutukana wakanyamaza wapate kujifunza. Kisha akawahimiza waende wote wakazifungue kamba wenyewe. Abiria walimpigia makofi, wakakaa. Kulalamika wanaweza kuanzia alfajiri. Kunyanyua mguu ni kazi ya wengine.

Mchana, mlio ukasikika upande wa kisiwa kikubwa. Ndege ilipanda taratibu, ikageuka juu ya mlango wa bahari, ikapita juu ya vichwa vyao kuelekea nje. Mwanamume aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotelea mawinguni. Halafu akakaa chini kwenye maji machafu, begi bado kifuani.

Fundi alimwonea huruma kwelikweli. "Pole, kaka yangu. Mungu atamponya mgonjwa wako."

Nahodha alikuwa anashuka ngazi, kwa mara ya kwanza siku ile. Watu walimpisha, wengine wakimsonya waziwazi. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa yule mwanamume, akavua kofia yake ya unahodha, akapaza sauti ili sitaha nzima isikie.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Unaturuhusu sasa tuondoke?"